Kiti cha Katikati

Uani kwetu, hapa Kamina, kulikuwa na magari matatu, na yote yalikuwa mabovu. Moja lilikuwa bovu la kwenda. Mawili yalikuwa mabovu ya kukaa: yalilalia tumbo bila magurudumu kando ya jiko langu, na kuku walitagia ndani yake. Mgeni akiingia kwa mara ya kwanza kwenye lupango letu, yaani kiwanja chetu, alidhani mume wangu ana gereji. Hana gereji. Ana ukaidi.

Alikuwa fundi wa malori ya jeshi kule base mpaka alipostaafu. Kwao ni mbali, kaskazini, kwenye mto mkubwa. Jeshi lilimleta huku, akanikuta nauza unga karibu na geti la kambi, na tangu hapo hakurudi kwao ila kuzika. Jeshini walizoea kulilisha gari moja zima kwa magari mengine yaliyokufa. Huo ni utaratibu mzuri kama una uwanja wa serikali. Nyumbani kwangu ulikuwa na maana hii: kila pikapu yetu ilipougua, mwenzangu hakununua dawa, alinunua maiti. Maiti ya kwanza aliiita magasin yangu, yaani duka lake la vipuri. Ya pili ilikuja kwa sababu ya kwanza ilikuwa imekwisha kuliwa, ikabaki mbavu tu.

Pikapu yenyewe tuliinunua ikiwa nyeupe. Miaka ilivyokwenda ikapata mlango wa bluu kutoka kwenye maiti moja, boneti la kijani kutoka kwenye nyingine, na pua ya bati aliyoigonga mwenyewe. Tangi lilivuja, akaliziba kwa sabuni ya kufulia. Kioo cha upande wa abiria hakikukaa juu mpaka kibanwe na kijiko, na kijiko hicho kilitoka jikoni kwangu. Honi ilipiga yenyewe kila ulipokata kushoto. Mtaani walitutambua tukiwa bado hatujaonekana, na watoto walitujibu kwa midomo yao.

Nilichoka. Nasema hivyo bila kumung'unya maneno. Biashara yangu ni mahindi, nayanunua upande wa Kaniama na kuyauza Kamina, na njia ile ni ya udongo mtupu. Kiangazi unameza vumbi. Masika unaweza kulala mahali ambapo hukupanga kulala, unakaa juu ya magunia yako unasikiliza mvua inavyoyaharibu, huku mtu uliyeolewa naye amelala chini ya gari anakwambia bado kidogo tu. Hiyo bado kidogo ya mume wangu nimeisikia mpaka nikaanza kuisikia usingizini.

Lakini mahindi yakilowa unalia, unayaanika, unauza hasara, maisha yanaendelea. Kilichonifanya nilichukie gari lile hasa ni macho ya mama yangu.

Mama anakaa kijijini, mbele ya Kaniama, mbali na reli. Macho yake yaliingia ukungu, kwanza moja, halafu la pili, mpaka akawa anatujua kwa sauti na kwa miguu tunavyokanyaga. Madaktari wa macho hufika hospitali ya hapa Kamina mara chache. Hukaa wiki mbili hivi, hupasua, huondoka, na hakuna anayejua watarudi lini. Habari zao hutangazwa parokiani baada ya komunyo. Mara ya kwanza ilipotangazwa nilituma salamu kijijini kwamba tunakuja kumchukua, na kesho yake tukaondoka. Pompi ya mazutu, yaani dizeli, ikafa kabla hatujafika nusu ya njia. Tulirudi Kamina tukikokotwa na lori la mihogo, mimi nikitazama njia nzima matako ya lori lile.

Baadaye niliambiwa kwamba siku hiyo mama alikaa mlangoni tangu asubuhi, mfuko wake mapajani, kitambaa kipya kichwani, mpaka jirani akaja kumwambia kwamba kumekuchwa na aingie ndani. Hilo la kuhitaji kuambiwa kwamba giza limeingia lilinichoma. Madaktari waliondoka na mama akabaki na ukungu wake.

Nilimwambia mume wangu tuuze yote matatu, lile la kwenda na yale ya kukaa, tutafute gari dogo lenye nguvu ambalo halijazeeka. Akajibu kwa sauti ileile aliyowajibia makuruta:

“Motokari haikufaka, mama na bana. Bantu njo banachokaka.”

Nikamwambia basi, kama gari halifi na watu ndio wanaochoka, mimi ni mmoja wa hao watu. Akaingia tena chini ya gari. Kugombana na miguu miwili iliyotoka chini ya gari ni kazi bure, maana miguu haina masikio.

Nikaja na shauri jingine. Kuna mtu mtaani mwenye gari la jeep la kukodisha, tumpe kazi hiyo, amlete mama. Hapo ndipo mume wangu alipotoka chini ya gari kabisa, akajifuta mikono, akakataa. Mkwe mwenye gari uani kwake akodi gari la mtu mwingine kumbeba mama mkwe wake, watu wa kijiji wamwoneje? Nikatuma kumuuliza mama mwenyewe, nikijua yeye atanielewa. Mama naye akajibu kwamba hawezi kupanda gari la mgeni wakati mkwe wake yuko hai na ana gari. Watu hao wawili hawajawahi kutazamana usoni, na walipatana kunishinda mimi.

Hawajawahi kutazamana kwa sababu ya buko. Kwetu Baluba, buko ni ile heshima kubwa kati ya mkwe na mama mkwe. Hawali pamoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja huingia majanini. Siku hizi vijana wengi wa mjini wanaipunguza, wanapeana kuku au mbuzi mambo yanalegea. Mume wangu si Muluba. Alijifunza buko ukubwani, kama mtu aliyebatizwa mzee, na kwa hiyo aliishika kuliko sisi tuliozaliwa ndani yake. Nimemwona akizunguka nyumba nzima kupitia nyuma ili asikatize mbele ya kiti ambacho mama alikuwa amekwisha kukiacha.

Sasa fikiria watu wa namna hiyo ndani ya pikapu yenye kiti kimoja kirefu. Mume wangu kwenye usukani, mama kwenye mlango wa bluu wenye kijiko, na mimi katikati kama ukuta, gia ikinigonga goti kila anapoibadili. Mama akitaka kusema jambo na dereva, ananiambia mimi. Dereva akitaka kujibu, ananiambia mimi. Nilikuwa nasema kila neno mara mbili, na wote walikuwa wanasikia.

Safari kama hiyo tuliifanya mara moja, macho ya mama yakiwa bado mazima, kwa ajili ya komunyo ya kwanza ya binti yetu. Gari lilikwama kwenye matope, kwenye mlima mmoja kabla ya Kamina, mvua ikinyesha. Mume wangu alishuka akalala chini ya gari kwenye maji ili asilale kwenye kiti kimoja na mama mkwe. Asubuhi matope yalikuwa ya magoti, nyonga ya mama ni mbovu, na hakukuwa na mtu mwingine. Akambeba mgongoni. Tulipofika mjini alimtumia kuku jike mweupe wa kuondoa aibu, mama akampokea, na mimi nikahesabu kwamba jambo limekwisha.

Safari hii ya pili ya madaktari ilitangazwa baada ya Pasaka. Mume wangu alifanya kazi kama mtu aliyepewa amri na jenerali. Alibadili pompi, akafunga breki upya, akang'oa kwenye maiti kila kilichokuwa bado kinang'oka. Mimi nilisali rozari, nusu kwa ajili ya mama, nusu nikimwomba Bikira Maria anisaidie kunyamaza njiani.

Na gari likaenda. Lilipanda kila mlima. Halikuchemka, halikukohoa, na honi yenyewe ilikaa kimya, mpaka nikaanza kulitilia shaka. Tulifika kijijini jua likiwa bado juu. Mume wangu akaegesha mbali na mlango, kama desturi, akageuza uso upande wa mashamba. Mimi nikaingia kumchukua mama.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake, hana mfuko, hana kitambaa kipya. Akasema nyonga inamuuma. Nikamwambia nitamshika. Akasema tumbo pia. Nikamwambia hospitali ninayompeleka ina dawa za tumbo. Akasema basi hataki, macho ni yake.

Nilitoka nje nikazunguka nyumba ya mama yangu nikiwa nalia kwa hasira. Miaka ya kusukuma, kukokotwa, kulala njiani, na siku ambayo takataka ile imekubali kwenda, mwenye safari anakataa. Nilimwendea mume wangu nikamwambia mama haendi. Hakuuliza kwa nini. Alifungua boneti la kijani akaanza kukaza vitu ambavyo vilikuwa vimekaza tayari.

Nilirudi ndani, nikakaa chini karibu na mama, nikakataa kuondoka bila kuambiwa ukweli. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ili isivuke mlango:

“Mama yangu, motokari siiogope. Naogopa ikisimama mu njia na mukwe wangu. Nitakulia wapi chakula? Nitaenda namna gani ku pori, macho haione? Yeye njo atanishika mukono? Hapana. Mara ya kwanza alinibeba, ilienea, moja inatosha.”

Nikamwambia safari hii gari ni zima. Alicheka kidogo. Alikuwa amelisikia likiingia kijijini, akasema, na hakuna kitu kizima kinachotoa sauti ile. Halafu akanigusa goti, goti lilelile la gia, akauliza kama anauliza bei ya chumvi:

“Na weye, juu ya nini hauyuwe kuendesha?”

Nimekaa katikati ya gari lile maisha yangu yote ya ndoa, nimekula vumbi lake, najua magonjwa yake yote, na hakuna siku iliyonijia kwamba ningeweza kusogea hatua moja kushoto, kwenye usukani. Tulirudi Kamina bila mama. Njia nzima nilikaa mlangoni, pale ambapo angekaa yeye, na kati yangu na mume wangu kiti kilikuwa kitupu.

Nilimweleza tulipofika, maana njiani ningepiga kelele. Alisikiliza akitazama mikono yake. Nilitegemea akasirike. Aliinama akasema polepole kwamba tangu siku ya matope alikuwa anatengeneza gari lile kwa ajili ya mama, ili siku moja ampeleke mpaka afike bila kusimama, na aibu ile iishe kweli, maana kuku hakutosha. Nikamuuliza kwa nini basi asinunue lililo zima. Jibu lake nimelibeba mpaka leo:

“Hii naiyua. Ikilia, nayua iko nalia juu ya nini. Ile mupya ikisimama mu njia na mama, minyi nitafanya nini? Nitaangalia tu.”

Nilitaka kumkumbatia na kumpiga kwa wakati mmoja. Miaka yote hiyo tuligombana juu ya gari, naye hakunifungulia mdomo kusema hilo. Nilimpa masharti: anifundishe kuendesha, nimlete mama mimi mwenyewe kabla madaktari hawajaondoka, na mama akiisha kupona, gari linauzwa. Sharti la mwisho hakulijibu. Alinipa funguo.

Alinifundisha kwenye ile njia pana inayoelekea base. Yeye alikaa mlangoni. Ambriaji, ile pedali ya kushoto, ilikuwa ngumu kama mguu wa ng'ombe, na kila nilipoiachia vibaya gari liliruka likazimika. Wake za askari wanaouza samaki pale kando walikuwa na sinema ya bure. Mmoja alinipigia makofi kila nilipopita bila kuzima, na nilipozima aliniuliza kwa Kilingala kama nimechoka niuze samaki pamoja naye. Nilirudi nyumbani kila jioni mabega yakiniuma na maneno mabaya yamejaa kinywani. Mume wangu hakunigombeza hata mara moja, na hilo nalo liliniudhi. Alinifundisha sauti: hii ya mkanda, hii ya breki, hii ikianza usiipuuze. Alinifundisha kutoa hewa kwenye mazutu, kwa sababu tangi lile likipanda mlima likiwa limepungua, linavuta hewa na injini inakufa. Unalegeza skrubu, unapampu kwa mkono mpaka povu liishe, unakaza. Nilifanya mpaka nikaweza kuifanya kazi hiyo nimefumba macho.

Siku ya safari hakunisindikiza hata mpaka kwenye lami. Alisimama getini, akaweka mfuko wa spana na kidumu cha mazutu nyuma, akaangalia tairi, akaondoka akajificha jikoni.

Mama alikuwa mlangoni na mfuko mapajani. Aliposikia ni mimi ninayeshuka upande wa usukani alinyosha mikono yote miwili nimwinue. Nilimpandisha mlangoni. Nilipowasha gari nikamsikia anasogea. Alisogea mpaka katikati, ubavu wake ukagusa wangu, gia ikawa inamgonga yeye goti. Nilimwambia aende mlangoni atakaa vizuri. Akakataa.

Lilizimika kwenye mlima uleule wa matope. Nilijua litazimika pale. Nilishuka nikalipiga teke boneti lile la kijani, nikaliambia kila kitu nilichokuwa nimeweka akiba tangu nilipoolewa. Kisha nikakata matawi nikayatandaza mbele na nyuma, kama tunavyofanya huku, ili lori likija lijue kuna mgonjwa njiani. Nikafungua, nikaanza kulegeza skrubu, mazutu yakanitiririkia mpaka kwenye kiwiko.

Mama aliomba nimshushe. Nikamtandikia kitenge majanini. Akala mahindi ya kuchoma niliyobeba, akatafuna kwa sauti, akatema maganda. Akaniita nikamshika mkono tukaenda nyuma ya kichaka, tukarudi, akacheka peke yake. Aliniuliza habari za watoto, mmoja mmoja. Alinisimulia mambo ya baba yangu ambayo sijawahi kuyasikia, na mengine mtoto hapaswi kuyasikia. Mimi nilikuwa napampu, nalaani, najibu ndiyo mama.

“Unazani tutalala hapa?” aliuliza.

Aliuliza kama mtu anayetaka jibu liwe ndiyo. Nikamwambia hapana, na injini ikawaka. Alikunja kitenge chake taratibu sana.

Alipasuliwa jicho moja. Muda wote aliokaa kwetu mume wangu alihamia upande wa pili wa nyumba, akaingia na kutoka kupitia kwenye ua wa jirani. Walipomfungua kitambaa hospitalini mama alinitazama usoni, akasema nimezeeka. Tulipofika nyumbani nikamshusha, akageuka, akaliona gari. Alilikumbuka jeupe. Alilizunguka lote mkono ukipapasa mlango wa bluu, boneti, pua ya bati, kijiko. Akayaona na yale mengine mawili na kuku wake.

“Njo hii nilikuwa napanda?” akasema. “Muiuzishe. Bantu batatucheka.”

Nyuma ya jiko kitu cha chuma kilianguka. Mume wangu alikuwa pale, amesikia. Kwenye buko neno la mama mkwe halijibiwi, linatendwa. Kabla mama hajarudi kijijini, kwa treni mpaka Kaniama na kutoka hapo polepole kwa fimbo yake, maana alipoanza kuona hakutaka tena kubebwa, mwenye kununua alikuwa amekwisha kuja. Nilikuwa nimeliomba jambo lile kwa machozi, kwa kelele na kwa kumnyima chakula, sikupata. Mama alilipata kwa sentensi mbili akiwa amesimama. Sikusema na mume wangu siku nzima.

Mnunuzi ni fundi wa mtaa mwingine. Alilitaka kwa ajili ya vipuri, ana lake linalougua. Yale mawili aliyavuta kwa lori. La kwenda alitaka liendeshwe mpaka kwake, na mume wangu akasema ana kazi ndani. Nikamwona dirishani, hana kazi yoyote. Basi nikapanda mimi, nikakaa kwenye usukani, nikakanyaga ile pedali ngumu, nikageuza funguo nikingojea likohoe. Liliwaka mara moja, safi, kama la dukani, na mimi nikalitukana nikilia mpaka nje ya geti.